Mjue Anayenunua Maji ya Matunda

Msimu wa maembe ukifika, katika mashamba mengi ya makazi habari huwa ni ile ile. Miti imeinama kwa uzito. Dalali anakuja na lori lake na kutaja bei anayoipenda yeye, na maembe anayoyakataa yanabaki chini ya mti mpaka nzi wanakuwa wengi kuliko watu. Ndipo mtu mmoja anaposimama katika mkutano wa chama na kusema, "Mbona tusinunue mashine, tukamue wenyewe, tuuze juisi kwa pakiti kama ile ya dukani?" Watu wanapiga makofi, na mweka hazina anaanza kuhesabu kichwani.

Wazo hilo si baya hata kidogo. Lakini hapa hatutakueleza habari za mashine. Mashine zina wauzaji wake, nao watakueleza zaidi ya unavyotaka kusikia. Tunataka kukueleza habari za mtu mwingine, ambaye hayumo katika mkutano wenu wala halijui jina la kijiji chenu, lakini ndiye atakayeamua kama fedha za chama zitarudi au zitapotea. Mtu huyo ni yule anayesimama mbele ya rafu ya duka, shilingi zake mkononi, akitazama pakiti za maji ya matunda.

NENDA DUKANI UKATAZAME

Jambo la kwanza ni kwenda kumwona. Chagua duka kubwa katika mji ulio karibu nawe, iwe ni Malindi, Wote, Meru au Kitale, na uende Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamelipwa mishahara. Mwambie mwenye duka unalolifanya, asije akakudhania mwizi. Kisha simama karibu na rafu ya maji ya matunda kwa muda wa saa moja, utazame tu. Usiwaulize watu maswali. Mtu akiulizwa hujibu neno analodhani litampendeza anayeuliza, bali mikono yake husema kweli.

Utaona kwamba watu wengi hawasomi. Mama anakuja na kikapu chake, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye pakiti anayoijua, anaitia kikapuni na kwenda zake. Hakuna aliyemshauri, wala hakushindanisha bei. Anachukua ile aliyoichukua mwezi uliopita kwa sababu haikumletea taabu nyumbani. Mnunuzi wa namna hii ni mali kubwa kwa aliye naye, na ni ukuta mrefu kwa mgeni anayetaka kuingia sokoni.

Utamwona na mwingine, anayeshika pakiti, anatazama bei iliyobandikwa kwenye rafu, anairudisha na kushika ya pili. Huyu anahesabu. Akiona tofauti ya shilingi 10 au 20 anasita, na mara nyingi huondoka na ile rahisi, au huacha zote mbili na kwenda upande wa soda. Tena yuko mtoto. Mtoto hana fedha, lakini ndiye anayenyoosha kidole kwenye pakiti yenye picha anayoipenda, na mama akiwa amechoka humkubalia ili watoke dukani kwa amani. Mwenye kiwanda anamjua sana mtoto huyo. Ndiyo maana pakiti ndogo zenye mrija wake zina rangi kali kuliko zile kubwa.

Kabla hujaondoka, toka nje ya mlango wa duka utazame tena. Hapana shaka utamwona mama ameketi na fungu la maembe, anayauza kwa bei ya chini kabisa. Sasa jiulize: kwa nini mtu apite mbele ya maembe haya, aingie ndani, anunue maembe yale yale yaliyotiwa maji na sukari kwa fedha nyingi zaidi?

KITU ANACHONUNUA SI TUNDA

Swali hilo ndilo kiini cha biashara yote, na vyama vingi havijiulizi. Mkulima hudhani mtu wa mjini ananunua tunda. La, tunda liko nje mlangoni. Mtu wa mjini ananunua vitu vingine.

Ananunua wakati. Embe lataka kuoshwa, kumenywa, kukatwa, kusagwa na kuchujwa, na baadaye kuna vyombo vya kuosha. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili akapanda matatu hadi nyumbani hana nguvu hizo, na pengine hana blenda, au ana blenda lakini stima imepotea. Ananunua pia kitu cha kumtilia mtoto katika mfuko wa shule kisichomwagika. Ananunua embe mwezi wa Septemba, wakati mti hauna embe.

Tena ananunua heshima. Mgeni akifika nyumbani na akawekewa pakiti mezani pamoja na gilasi safi, amekaribishwa. Kwa sababu hii maji ya matunda hutoka kwa wingi wakati wa Krismasi, wakati wa harusi na ubatizo, na huko Pwani wakati wa Ramadhani watu wanapofuturu. Pakiti inayonunuliwa kwa ajili ya mgeni si lazima iwe rahisi. Ni lazima iwe nzuri kutazamwa, na iwe ni ile ambayo mgeni mwenyewe anaijua. Jina lisilojulikana, lililochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa upande, laweza kuwa na maji matamu kabisa ndani yake na bado lisiwekwe mbele ya wakwe.

Na kitu kingine anachonunua ni kukaa bila kuharibika. Juisi uliyokamua nyumbani haikai siku nyingi hata katika friji. Pakiti ya dukani hukaa miezi mingi bila baridi, kwa sababu maji yake yametiwa moto mkali kwa muda mfupi na kufungwa mahali pasipo na vijidudu. Pakiti ya karatasi yenye umbo la tofali, ambayo watu wote wanaijua leo, ilitolewa na kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi mwaka 1963, na ile ya kuhifadhi bila baridi ikafuata mwaka 1969. Mashine za kazi hiyo si kama kinu cha kusaga mahindi. Ukiambiwa kwamba kwa fedha kidogo chama chenu kitatengeneza pakiti kama zile, uliza mara mbili.

MFUKO WA MNUNUZI

Sasa tuzungumze habari za fedha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba pakiti ya lita moja inauzwa shilingi 160 na ile ya robo lita shilingi 50. Anayenunua pakiti nne ndogo ametoa shilingi 200 kwa lita ile ile. Mkulima aliyezoea kununua mbolea kwa gunia atasema mtu huyo hajui hesabu.

Anaijua sana. Mtu anayelipwa kwa kutwa ana shilingi 50, hana 160, na nyingine ana kazi nazo za unga na mafuta. Tena hana friji. Pakiti kubwa ikifunguliwa ni lazima iwekwe penye baridi na kumalizwa katika siku chache, na kwake itachacha kabla ya kwisha. Kwa hiyo pakiti ndogo, ingawa ni ghali kwa kipimo, kwake ndiyo isiyo na hasara. Hii ndiyo biashara ya kadogo, ambayo imeenea katika sabuni, mafuta ya kupikia na majani ya chai, na imeingia pia katika maji ya matunda.

Jambo hili lakuhusu wewe. Chama kikijaza chupa kubwa peke yake, kimejifungia nje ya maduka madogo ya mitaani ambako wanunuzi ni wengi. Kikijaza chupa ndogo peke yake, gharama ya chupa, kifuniko na lebo huweza kupita gharama ya kilichomo ndani. Chupa ndogo haitumii robo ya kifuniko.

Lakini usidhani kwamba bei ndiyo kila kitu. Wako watu wanaokwepa kitu cha rahisi mno, kwa kuwa wanajiuliza kimetengenezwa na nini. Yaliyomo ndani ya chupa iliyofungwa hayaonjeki, na mtu asipoweza kuonja hutumia bei kama ulimi wake. Sisi tunaona hofu hiyo ina haki, maana kuna chupa nyingi zenye picha ya embe ambazo hazijakutana na embe isipokuwa katika rangi na manukato.

MANENO MADOGO KWENYE PAKITI

Hapa tunakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi wa mjini anapoamua, bila kujua, ni kilo ngapi za maembe zitaondoka shambani kwako.

Zichukue pakiti tatu na kuzigeuza. Moja imeandikwa kuwa ni juisi, asilimia 100. Ya pili imeandikwa nekta. Ya tatu imeandikwa kuwa ni kinywaji cha matunda. Picha ni ile ile ya tunda lililokatwa, lenye tone la maji. Maneno yake si mamoja.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yana kamati ya kanuni za vyakula iitwayo Codex, na mwaka 2005 kamati hiyo ilitoa kanuni za juisi na nekta. Juisi ni maji ya tunda lenyewe. Yaweza kuwa yalipunguzwa maji ili yasafirishwe kwa wepesi, kisha yakarudishiwa maji kwa kiasi kile kile, nayo bado yataitwa juisi asilimia 100. Kwa hiyo neno hilo "asilimia 100" halina maana kwamba tunda lilikamuliwa jana. Nekta ni tunda lililoongezwa maji, na mara nyingi sukari au asali, lakini kuna kiasi cha tunda ambacho haipasi kupungua: kwa embe na kwa pera ni asilimia 25, kwa nanasi 40, kwa chungwa 50. Kinywaji cha matunda ni kitu chepesi kuliko nekta, na chaweza kuwa na tunda kidogo sana.

Sasa fanya hesabu pamoja nasi. Kilo moja ya maembe, ukiondoa ganda na kokwa, hutoa karibu nusu kilo ya rojo. Lita moja ya nekta ya embe yenye asilimia 25 inataka karibu robo kilo ya rojo, yaani nusu kilo ya maembe. Kinywaji chenye asilimia 10 kinataka rojo gramu 100, yaani maembe gramu 200, ambayo ni embe moja dogo. Basi gari la pikapu lenye tani moja ya maembe laweza kutoa lita 2,000 za nekta, au lita 5,000 za kinywaji hicho chepesi.

Ukilitazama jambo hili upande wa shamba, kila mnunuzi anapoacha nekta na kushika kinywaji kilicho rahisi, zaidi ya nusu ya embe lako limebaki mtini. Mnunuzi hajui. Ameona picha, ameona bei, amekwenda. Ndiyo sababu tunasema kwamba wakulima wa matunda wana haja ya kuwafundisha hata watoto wao walio mjini kugeuza pakiti na kusoma asilimia kabla ya kulipa.

Hesabu ile ile ina upande wa pili, nao ni mchungu zaidi. Tuseme chama chenu kina wanachama 50, na kila mmoja ana tani 2 za maembe kwa msimu. Hizo ni tani 100. Mkizifanya zote nekta, mna lita 200,000 mkononi. Mkitaka kuzimaliza katika mwaka, ni lazima muuze karibu lita 550 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wako wapi watu hao? Wanakaa mji gani, na leo wanakunywa nini? Chama kisichoweza kujibu swali hili kisitie sahihi karatasi ya mkopo.

Na kama unauza kwa kiwanda, hesabu hiyo itakuonyesha pia mahali pako. Tuseme kiwanda kinakulipa shilingi 15 kwa kilo. Katika lita ya nekta iliyouzwa shilingi 160, fungu lako ni shilingi 7 na senti 50. Zilizobaki zimekwenda katika sukari, pakiti, moto, usafiri, ushuru, mishahara na faida ya kiwanda na ya duka. Wengine wakisikia hivyo hukasirika na kusema ni wizi. Si wizi wote. Nyingi ya fedha hizo ni gharama ambazo chama nacho kitazilipa siku kitakapoanza kujaza chupa.

SUKARI NA MADAKTARI

Yuko mnunuzi mpya ambaye miaka ya nyuma alikuwa haba. Amekwenda hospitali, daktari amempima damu na kumwambia apunguze sukari. Huyu akiingia dukani husoma pakiti kama karatasi ya korti.

Mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba nguvu ambayo mwili unapata kutokana na sukari zinazotiwa katika vyakula, pamoja na zile zilizomo katika asali na katika maji ya matunda, ipungue chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula. Angalia kwamba maji ya matunda yametajwa, hata yale yasiyoongezwa sukari. Kwa hiyo maneno "hakuna sukari iliyoongezwa" huvuta watu wengi, lakini hayana maana kwamba hakuna sukari. Embe lililoiva lina sukari yake.

Kwa mkulima, habari hii ina kheri na shari. Watu wengine wataacha pakiti kabisa na kurudi kwenye tunda zima, na mama yule wa mlangoni atafurahi. Wengine watataka pakiti yenye tunda zaidi na sukari kidogo, nayo haitengenezeki kwa maembe yaliyochumwa machanga. Kiwanda kinachotia sukari kidogo kinahitaji embe tamu. Kiwanda kinachotia sukari nyingi hakijali sana.

KUAMINIWA

Tumesema mkono wa mama unakwenda kwenye pakiti anayoijua. Kama unadhani hilo ni jambo dogo, sikiliza lililotokea Marekani, ambako watu wamezoea kunywa maji ya machungwa asubuhi, na ambako kampuni kubwa zina fedha za kufanya makosa ambayo chama chako hakiwezi kuyamudu.

Kuna maji ya machungwa yaitwayo Tropicana, yaliyoanzia Florida mwaka 1947. Kwa miaka mingi pakiti yake ilikuwa na picha ya chungwa lililochomwa mrija. Mwezi wa Januari 2009 wenyewe waliibadili pakiti, wakaondoa chungwa na kuweka picha ya gilasi, ionekane ya kisasa. Maji ya ndani hayakubadilishwa hata tone. Katika muda wa miezi miwili hivi mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20. Watu waliifikia rafu, hawakuiona pakiti yao, wakadhani ni kitu kingine, au kitu hafifu, wakachukua ya jirani. Wengine waliandika barua za hasira. Mwezi wa Februari kampuni ikatangaza kwamba inarudisha chungwa lake na mrija wake.

Mwaka 2024 maji hayo hayo yakapata taabu tena. Chupa ilibadilishwa umbo, na kipimo chake kikapunguzwa kutoka wakia 52 hadi wakia 46. Machungwa ya Florida yamepungua vibaya kwa sababu ya ugonjwa wa michungwa ulioonekana huko mwaka 2005, na bei ya maji ya machungwa duniani ilikuwa juu sana. Lakini mnunuzi hakuuliza habari za ugonjwa. Aliona chupa imekonda, akalalamika, na mauzo yakapungua.

Basi ukiwa na chama kinachojaza chupa, lebo mliyoanza nayo ni kama chapa ya ng'ombe, haibadilishwi kwa kuwa mwenyekiti mpya anapenda rangi ya kijani. Kipimo kiwe kile kile. Na ladha iwe ile ile, jambo ambalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu ladha huanza shambani. Mwanachama mmoja akileta embe za Ngowe zilizoiva vizuri, mwingine akaleta za Apple, na wa tatu akachanganya maembe ya kienyeji yenye nyuzi na mengine yaliyookotwa chini, chupa za Jumatatu hazitafanana na za Alhamisi. Mnunuzi akionja ukali asioutazamia haji kukushtaki. Hakuandikii barua. Ananyamaza, na Jumamosi ijayo mkono wake unakwenda mahali pengine. Chama kitajua miezi mitatu baadaye, kwa kuona katoni zinarudishwa.

Kuaminiwa kuna alama zake pia. Wanunuzi wengi wamejifunza kutafuta alama ya ubora ya KEBS na kugeuza chupa ili watazame tarehe ya mwisho ya kutumia. Tena tangu Novemba 2019 chupa na pakiti za maji ya matunda zinatakiwa kuwa na stempu ya ushuru. Yote hayo yana ada yake na karatasi zake. Muulize afisa wa kilimo na Bwana Afya wa kaunti kabla ya kununua chupa ya kwanza, si baada ya kukamatwa na mzigo.

UKAE UPANDE GANI?

Hatusemi usikamue. Huko Kalamba, kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha matunda mwaka 2017 ili rojo la embe litengenezwe karibu na mti. Mwaka 2010 kampuni ya Coca-Cola pamoja na TechnoServe na wakfu wa Bill na Melinda Gates walianza mradi wa dola milioni 11.5 kwa wakulima wa maembe na matunda ya karakara wa Kenya na Uganda, waliotazamiwa kuwa zaidi ya 50,000, ili matunda yao yaingie katika maji ya pakiti. Wenye kutengeneza vinywaji wanalihitaji shamba lako. Wanachohitaji hasa ni mzigo mwingi wa aina moja, unaofika siku iliyosemwa.

Kwa maoni yetu, chama kichanga chafaa kianze hapo, yaani kupanda na kuchuma kwa namna inayotakiwa na kiwanda, kuuza kwa mizani, na kuandikiana mkataba kabla ya maembe kuiva. Dalali hukushinda kwa sababu anakukuta peke yako na embe limekwisha iva. Chama chenye nguvu zaidi chaweza kufikiri habari za rojo, ambalo huuzwa kwa kiwanda na halihitaji kumbembeleza mama wa rafu. Kujaza chupa na kuingia duka kubwa ni hatua ya mwisho. Duka kubwa halilipi siku unayoshusha mzigo. Hulipa baada ya miezi, na yamekuwako maduka makubwa yaliyofungwa milango huku waliowapelekea bidhaa wakiwa bado wanadai. Chama kisicho na fedha za kungoja kitakufa kikiwa na wateja.

Lakini kama mnataka kumjua mnunuzi bila kuhatarisha fedha nyingi, iko njia. Pateni kibali cha Bwana Afya, vyombo safi na maji yaliyochemshwa. Siku ya gulio, uzeni maji ya embe kwa gilasi, yenye rojo la kutosha, na andikeni bei ubaoni. Fanyeni hivyo magulio manne mfululizo, mahali pale pale, kwa bei ile ile, na maembe ya aina moja. Mtu mmoja aandike katika daftari gilasi ngapi zimeuzwa, na ni wanunuzi wangapi aliowaona gulio lililopita.

Siku ya kwanza mtauza sana, maana watu hupenda kuonja kitu kipya, na jamaa zenu watanunua kwa kuwahurumia. Msiifuate hesabu ya siku hiyo. Tazameni ile ya gulio la tatu na la nne, hasa ule mstari wa waliorudi, na mje na daftari hilo mkutanoni siku muuzaji wa mashine atakapokuja.